Pineu Zilizonikimbiza na Mutoto wa Wenyewe

Paaa! Kisha fyuuuuu. Sauti zote mbili ningali ninazisikia wazi mpaka leo, na mukiniuliza ni ipi inaniletea haya zaidi, nitawaambia ni ile ya pili, kwa sababu bomu ikisha kupasuka haishushi pumzi kama mama aliyetua ndoo ya maji, na mutu yeyote wa Goma (sisi tulijua milio ya bunduki mbele ya kujua a-e-i-o-u) angengojea ile fyuuu kidogo tu, angejua ni nini. Mimi sikungojea. Miguu yangu ilikuwa imeisha kwenda bila kuniaga.

Nawaambia mapema, nilijiaibisha vibaya, kwa hiyo musisome mukifikiri kuna mahali huko mbele nitageuka shujaa.

Mimi ni Kavira, na wakati ule nilikuwa nikiuza mandazi katika kambi ya wakimbizi wa Kanyaruchinya, na mmoja wa wateja wangu alikuwa Koko Mariya (koko ndivyo tunavyomwita nyanya, hata wa jirani). Huyu mumama alikuwa amekimbia kwake, kule juu njia ya Kibumba, mara nyingi sana mpaka vita alizitaja kama mutu anavyotaja wakwe zake: ile ya kwanza, ile ya mvua, ile yenye kelele bila kazi. Kila asubuhi alinunua andazi moja na kulitukana. "Weye Kavira, hii umeipika na unga ao na jiwe ya volcan?" Kesho yake anarudi tena.

Sasa bunduki zikatulia kidogo, watu wa kwao wakaanza kupanda kwenda kuangalia mashamba, na Koko akabaki na neno moja tu mdomoni: maharagi. Wakati wa kupanda ulikuwa unapita. Asipopanda siku zile, ni musimu mwingine mzima wa kungojea unga wa musaada ndani ya hema, na yeye alisema waziwazi, "Miye sitaki kufia chini ya plastiki kama nyanya ya kuuzwa." Lakini goti lake lilikuwa limekataa safari. Basi mimi, mwenye mdomo unaotangulia kichwa, nikasema, "Koko, usiogope, nitakupeleka na gari ya Papa."

Papa (baba yangu) ana pikapu ya zamani ya kubeba makala ya kupikia na shu, yaani kabichi. Hakukataa, Papa ana roho nzuri, ila alisema pineu za nyuma (ninyi wengine munaita matairi) zimeisha kunyolewa kama kichwa cha Padri wetu, lazima zipatikane mbili zingine. Yeye mwenyewe malaria ilikuwa imemulaza, akanituma akiwa chini ya blanketi, meno yakigongana.

"Kavira, uangalie namba ya pineu ya zamani, ulete namba ile ile. Na uombe za muzigo. Unasikia? Za muzigo."

"Nasikia, Papa."

Nilisikia kweli. Kusikia hakujawahi kunishinda.

Nikateremka mpaka soko ya Birere na namba imeandikwa kwenye kiganja. Muuzaji, muzee mmoja mwenye kofia ya sufu na asiyekuwa na haraka hata kidogo, akaniviringishia pineu mbili nyeusi, nzito, zenye meno kama ya mamba, mbaya mpaka ukiziangalia unasikia huzuni. Lakini nyuma yake, juu, zilitundikwa zingine mbili kama nguo za Siku ya Mungu: zinang'aa, zimejaa maandiko meupe ubavuni, na (niliinua kiganja nikalinganisha) namba ni ile ile!

"Muzee, nipe zile."

"Zile ni za kavwature, gari kadogo ka kubeba bwana na bibi yake kwenda misa. Gari yenu inabebaka nini?"

"Batu."

"Batu ngapi?"

"Mumoja." (Haikuwa uongo, Koko ni mutu mumoja. Nilisahau tu kutaja kitanda chake.)

Akabonyeza ubavu wa ile nzuri na kidole gumba, ukaingia ndani kama shavu la mutoto. "Unaona? Hii iko na tabaka mbili, ile ya muzigo iko na nane. Namba inasema tu kama itaingia kwenye gurudumu, haisemi kama itabeba. Na jiwe yetu ya hapa, mutoto yangu, haiheshimiaka maandiko."

Alisema mengi mengine, lakini mimi nilikuwa nimeisha kuondoka mahali pale kwa roho, nilikuwa miaka kumi mbele, nina magari yangu mwenyewe yameandikwa Kavira Voyage, na watu wa Goma wote wako kando ya barabara wanauliza, jamani, yule ni nani mwenye pineu za namna ile? Nikachukua zile nzuri.

Muhindo, kaka yangu, ndiye dereva. Alipozifunga akazizunguka mara mbili, akakuna kichwa. "Kavira, hizi ni pineu za kwenda kula harusi."

"Namba ni ile ile."

"Miye na weye tunavaaka namba moja ya kiatu. Nikwende kulima na ile yako ya kisigino kirefu?"

"Endesha gari, Muhindo."

Pale kambini, nilidhani tutapakia vitu vya Koko tu, lakini majirani wa kijiji chake, kila mumoja alikuwa na "kakitu kadogo" ka kupeleka: magunia ya mbegu, magodoro, vitanda, sufuria, cherehani, na juu ya hivyo vyote wakapanda wenyewe. Nani aliwaambia wapande? Mimi! Nilisimama pale nikipiga mikono, "Mupande, mupande, pineu ni mupya!" Koko akawekwa mbele karibu na Muhindo, na rozari yake, amevaa koti, amefunga kitambaa kipya kichwani kama anayekwenda kupokea mugeni.

Njia ya kutoka kambini ni majiwe ya volcan matupu, yale makali yaliyotapikwa na mulima wa moto. Nilisikia yakikwaruza chini, krrr, krrr, na nikachungulia nikaona zile pineu zimevimba ubavu kama mutu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Tulipofika kwenye kasoko kadogo ka mboga karibu na lami, badala ya kumuambia Muhindo asimame tuangalie, nikamupigia kelele apunguze mwendo watu watuone vizuri (ndiyo, nilisema hivyo), na nilikuwa nimesimama nyuma, mkono mmoja nimeshika chuma, mwingine napungia wauza shu, wakati ikasema paaa!

Nikaruka. Sijui niliruka namna gani. Nilipogusa chini, niliona kando ya rundo la shu mutoto mudogo amekaa peke yake, mdomo wazi, na roho yangu (mama anasema hii roho itaniua siku moja) ikaniambia, Kavira, huyu hana mutu. Nikamunyakua, nikamubana kwapani, nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia mumama analia, "Mutoto yangu! Mutoto yangu!" nikajisemea, masikini, na yule amepoteza wake katika hii vita, nikaongeza mbio ili nimuokoe angalau huyu wangu.

Sasa ninyi munatujua. Watu wakiona musichana anakimbia na mutoto analia, na mumama anakimbia nyuma akipiga kelele, hakuna anayeuliza. Kwetu watu wanauliza wakiwa tayari kwenye mbio. Maduka yakafungwa, pikipiki zikageuka, mmoja alitoka kwa kinyozi na kichwa nusu, mwingine aling'oa mulango wa kibanda chake akakimbia nao mgongoni. Mutu mumoja akanifikia, akaniuliza huku akihema, "Umebaona, bale ba bunduki?"

"Nimebaona!" nikajibu.

Sikuwa nimeona hata inzi. Lakini ukisha kukimbia mpaka pale, kusema hujaona kitu ni haya.

Yule mumama alikuwa na mbio kunishinda. Akanishika kikwembe kwa nyuma, kikafunguka, kikabaki mikononi mwake, na mimi nikaanguka mbele ya ulimwengu wote nikiwa na kaputula ya Muhindo ya kuchezea mupira. Akamuvuta mutoto wake.

"Mwizi ya batoto weye! Niliinama tu kuchagua shu!"

"Mama, ni vita!"

"Vita ya nani? Ni pineu! Angalia kule!"

Nikaangalia. Watu wote wakaangalia. Barabara tupu, viatu vimetapakaa, na kule mwisho pikapu ya Papa imelala upande kama mulevi, na ndani yake, mbele, kitambaa kipya cha Koko Mariya, hakijasogea. Tulikuwa tumekimbia wote, hata Muhindo alikuwa akitoka kwenye mufereji akijipanguza. Tulimuacha yeye peke yake.

Yule wa mulango akautua chini polepole. "Nani alisema amebaona?"

Vidole vyote vikanielekea.

Kicheko chao nilikivumilia. Kilichoniumiza ni ile njia ya kurudi kwenye gari, kwa sababu nilikuwa nimebeba mutoto mwenye mama yake, nikamuacha koko asiyekuwa na mutu. Nikasimama kwenye dirisha.

"Koko, unisamehe. Hata mulango sikukufungulia."

"Ungefungua nikwende wapi? Miye nimekimbia mpaka kukimbia kwenyewe kumenichoka." Akasogeza chembe moja ya rozari. "Nikasikia fyuuu, nikasema, hii ni pineu, ao ni Muhindo."

Lakini majirani zake walikuwa wanaanza kushusha vitu. Hii ni alama mbaya, walisema, turudi kambini, tutajaribu musimu mwingine. Niliona Koko ameacha kucheka, amekaza macho kule juu, njia ya kwake. Muhindo alikuwa na pineu moja ya akiba, ya zamani, ya muzigo, akaifunga; ile ingine ya nyuma ilibaki nzuri yangu, na yenyewe imeisha kuvimba.

"Haitafika na haya yote," Muhindo akasema. "Ao muzigo ushuke, ao Koko ashuke."

"Muzigo ushuke," nikasema. "Utakwenda kwa miguu."

Nikafunga kikwembe changu upya, nikajitwika gunia la maharagi la Koko. Niliogopa nitabaki peke yangu, lakini yule mama wa mutoto akamufunga wake mgongoni, akachukua godoro la Koko, akasema, "Twende. Nitakusindikiza mpaka kwenye kona, usije ukaiba mwingine njiani." Watu wakacheka, na wakicheka hivyo, mumoja mumoja, majirani wakainama wakabeba vitu vyao. Tukapanda mulima nyuma ya gari inayotambaa kama kinyonga, na kila nyumba watu walikuwa wamesimama mulangoni, habari ilikuwa imetutangulia: "Ee mwizi ya batoto, leo umeiba nini?"

"Maharagi!" nikajibu, na shingo inaniuma.

Tulifika jua lingali juu. Paa lilikuwepo, mulango hapana, majani yamefika dirishani. Koko akashuka, akayaangalia yale majani kama mutu aliyekuta wageni wamekalia kitanda chake, akauliza, "Nani aliwaruhusu?" kisha akaanza kuyang'oa, na lile goti lake bovu.

Tangu siku ile, nikinunua pineu, hata ya kinga (baiskeli), nauliza kwanza itabeba nini na itapita wapi, nabonyeza ubavu, na maandiko sitaki hata kuyasoma. Na mutoto wa mutu sitamuinua tena bila kuuliza mama yake yuko wapi, hata mbingu ikianguka.

Siku ile, nje ya nyumba ya Koko, watu walikuwa wameketi wanapumzika, Koko anawaeleza wale waliofika nyuma habari ya kikwembe na kaputula, anaongeza na yasiyokuwapo. Mimi nikaingia ndani peke yangu. Majiwe matatu ya jiko yalikuwa mahali pake, yamejaa majani makavu na mavi ya mbuzi. Nikayasafisha na mikono, nikavunja vijiti vya zamani vya kutambazia maharagi, nikawasha kiberiti, nikapiga magoti, nikapuliza mpaka moto ukashika na moshi ukapata njia ya kutokea juu.