Mlango wa Nyuma wa Bi Safina

Watu wa Tukuyu wakinisikia namsifu Bi Safina hucheka, maana wanajua mimi si mwepesi wa kusifu. Hata mchungaji wetu nilimsifu mara moja tu, tena alipohamishwa. Lakini kwa Bi Safina ulimi wangu hauna breki, na atakayenivumilia atajua kwa nini.

Alikuja kwetu kwa ndoa. Mumewe, Zubery, ni fundi cherehani aliyezaliwa hapa hapa mjini, mjukuu wa mfanyabiashara aliyepanda huku kutoka pwani. Bi Safina mwenyewe ni mtu wa Tanga, na huko alifanya kazi hospitalini, chumba cha kunyoosha viungo. Zilipokuja zile siku za ruksa ya biashara, mitumba ilimwagika sokoni hadi watu wakaacha kushonesha. Duka la Zubery likabaki na nafasi tupu. Baadaye watu binafsi walipokubaliwa kutibu, mkewe akaweka kitanda kwenye ile nafasi na kutundika kibao: KUNYOOSHA VIUNGO.

Wa kwanza kuja walikuwa wazee, migongo imechakaa kwa chai na migomba. Walijipanga kwenye benchi mbele ya duka, wakapiga soga. Akina mama wenye watoto walifika hadi barabarani, wakatazama, wakageuza. Bi Safina aliliona hilo likamkera, kwa kuwa watoto ndio aliowataka hasa. Kiungo kichanga, husema, hakijawa mbishi.

Mwanangu Lusungu alizaliwa kichwa kimelala bega la kushoto. Uso ulitazama kulia, na kugeukia kushoto hakuweza kabisa. Hospitali waliniambia ni nyama ya shingo iliyokaza. Ikinyooshwa mapema itaachia, nikichelewa atakua nayo hivyo hivyo. Kijijini kwetu Kyimo wengine walinong'ona kwamba nilimdondosha. Niliwajibu ipasavyo, lakini moyoni niliogopa sana, maana mtoto alikuwa tayari ameanza kukaa.

Basi siku ya gulio nikajikaza, nikapita mbele ya lile benchi kichwa chini, nikaingia. Bi Safina alikuwa amevaa koti jeupe. Lusungu alipoliona tu akakumbuka sindano, akaangua kilio.

"Anaitwa nani?" Bi Safina aliniuliza.

"Lusungu."

"Lusungu nani?"

Nikainamisha kichwa. Jina la ukoo wa mtoto ni jina la baba mkwe wangu, na kwetu mke halitaji jina la baba mkwe wake, wala hakutani naye uso kwa uso. Akija huku, wewe unapita kule. Sisi ni Wamoraviani, tunasali, lakini hili hatukuliacha mlangoni pa kanisa. Hata hapa siliandiki. Anayelitaka amwulize mume wangu.

Bi Safina akauliza tena, taratibu, kama mtu anayesema na kiziwi. Ndipo nikasikia sauti mlangoni: "Hodi." Alikuwa mwenyewe, mwenye jina, amekuja kwa ajili ya mgongo wake. Nikajifunika kanga, nikambeba mtoto, nikatokea dirishani.

Nyuma kulikuwa na ua wa jirani, sikuwa na pa kwenda. Nikabanana na ukuta chini ya dirisha, nikasikia kila neno.

"Mzee, umemfanya nini binti wa watu?" Bi Safina alikuwa amepandisha sauti. "Kasikia sauti yako tu, karuka dirisha na mtoto mchanga. Mimi mgongo wa mpiga wanawake siukandi."

Baba mkwe akasema polepole, "Mama, yule mkamwana wangu. Hakunikimbia, ameniheshimu. Kosa ni langu, sikukohoa mapema."

Zubery alicheka juu ya cherehani hadi uzi ukakatika. "Mke wangu, na wale wanaogeuza barabarani kila siku ulidhani wanakimbia nini? Benchi lako limejaa wakwe."

Gulio lililofuata nilikuta benchi halina baba mkwe. Mume wangu aliniambia, "Baba amesema, mtoto kwanza. Yeye atakaa nyumbani." Nikashukuru, lakini shukrani ile ilinichoma. Asubuhi, kupitia migomba iliyo kati ya nyumba zetu, nilimsikia akihangaika kuinuka, na jembe lake halikutoka tena. Nikamweleza Bi Safina.

"Siwezi kumnyoosha mjukuu kwa kumpinda babu," akasema.

Wiki ile ile Zubery alitoboa ukuta wa nyuma, akaweka mlango, na jirani akakubali tupite uani kwake. Chumba kikagawanywa kwa pazia la mablanketi ya mtumba: mbele wazee na benchi lao, nyuma sisi na watoto. Koti jeupe Bi Safina alilitundika huko mbele, akaja kwetu na kanga yake. Kitanda hakukitaka, tulikaa mkekani, mtoto mapajani kwa mama yake, naye akafanya kazi hapo hapo. Kwa vipande vya nguo vya mumewe alishona mwanasesere, na shingo ya mwanasesere ndiyo iliyonyooshwa kwanza, watoto wakitazama. Majina ya koo hakuuliza tena. Wakaanza kuja akina mama wa Ikuti, wa Lupepo, hadi mlango wa nyuma ukawa na matope kuliko wa mbele.

Baba mkwe naye akarudi kwenye benchi lake, akikohoa tangu barabarani ili nijue.

Kazi ya shingo ilikuwa ya polepole. Bi Safina alinifundisha mikono yangu, nami nyumbani nikaendeleza, Lusungu akilia nami nikilia. Nyama ilianza kulainika, lakini kugeuka mwenyewe kwenda kushoto hakutaka.

Siku moja tulikuwa mkekani, pazia likiwa upande wake wa kushoto. Bi Safina alimchezeshea mwanasesere upande ule, mtoto akakataa, akalia. Nyuma ya pazia, kitandani, kulikuwa na mtu aliyekisikia kile kilio. Akakohoa. Kisha akaita, "Lusungu. Gwe Lusungu."

Mtoto akanyamaza. Kidevu kikaanza kusogea, kikapita katikati ya kifua, kikaenda hadi juu ya bega la kushoto, akawa anaitafuta sauti ya babu yake.

"Amegeuka, Mzee," Bi Safina akasema.

Mzee akajibu kwa sauti nzito. "Mwambie mama yake, ndaga fijo."

Asante sana. Tangu niolewe hakuwa amenitumia neno la shukrani, na hili hakupaswa kunipa mwenyewe. Lilipita kwa Bi Safina. Nikapiga magoti mkekani, upande wangu wa pazia, mtoto mikononi.

"Mwambie naye hivyo hivyo," nikasema.

Bi Safina ndiye aliyetakiwa kupeleka ujumbe, lakini alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Tukangoja. Ng'ambo ya pazia mzee akakohoa mara moja, taratibu, nikajua amenisikia.