Doa Lililotoka kwa Maji

Hamtaiamini hadithi hii. Anayetaka kubisha abishe sasa hivi, maana mjomba Kagaruki, ndiye huyu anayewaandikia, aliacha shule darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa ya kumfundisha.

Ephrasia, binti wa dada yake, ameolewa Kimwani. Muleba nzima hakuna amshindaye kumenya ndizi. Siku hiyo aliinuka kwenye maganda akaona doa la kahawia kwenye khanga. Utomvu, akajisemea. Nani kwetu hana nguo yenye utomvu wa ndizi? Ukizikwa nalo doa hilo, unafufuka nalo.

Kesho yake akaifua khanga. Doa likatoka.

Basi haukuwa utomvu; ilikuwa damu. Alikuwa na mimba changa, ya kwanza baada ya miaka ya kungoja, na hakuwa amemwambia mtu ila mumewe Joackim, fundi ujenzi huko Bakoba, Bukoba mjini. Kwao mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe. Akampigia mjomba Kagaruki, maana ana pikipiki, ikabidi amwambie naye.

"Nipeleke hospitali, mjomba. Ila polepole."

"Polepole? Pikipiki hii haijui neno hilo."

"Leo italijua."

Mjomba akaendesha polepole njia nzima. Hilo nalo hamtaliamini.

Nesi Anatolia alimgeuzia kioo cha ultrasaundi. Kitu kidogo kama punje ya harage kilikuwa kinadunda.

"Damu kidogo miezi ya mwanzo huwatokea wengi," alisema, "na wengi wao hujifungua salama. Lakini usikae nyumbani ukikisia. Ikizidi, tumbo likiuma, ukisikia kizunguzungu, rudi hapohapo."

Ephrasia alirudi Kimwani akiwa ameshachagua jina.

Wiki iliyofuata damu ilikuja nyekundu, na maumivu. Akarudi hapohapo, kama alivyoambiwa. Safari hii kioo kilikuwa kimetulia.

"Ni kwa sababu ya ule mkungu wa ndizi niliobeba juzi?"

"Hapana, mama."

"Nilichelewa. Nilidhani ni utomvu."

"Hata ungekuja saa ileile, yangekuwa hayahaya. Mara nyingi mimba yenyewe inakuwa haikujengeka vizuri tangu mwanzo. Hukukosea kitu."

Ephrasia aliitikia kwa kichwa, lakini nyumbani aliitazama ile khanga muda mrefu kabla ya kuikunja. Mama mkwe akachungulia mlangoni.

"Mbona umelala mchana, mwanangu? Malaria?"

"Ndiyo, mama. Malaria."

Akaletewa uji. Akaunywa wote, machozi yakiingia humohumo.

Leo mjomba amekuja kumsomea Ephrasia haya aliyoandika, naye yuko jikoni anamenya ndizi.

"Basi siku ya msiba," mjomba anasoma kwa sauti ya padri, "Kimwani yote ilijaa uani, nyasi mpya zikatandazwa sebuleni wageni wazikalie, wanawake wakalia mpaka wavuvi wa Bumbire wakaacha nyavu majini, na kila aliyekuja alimshika Ephrasia mkono akamwambia—"

"Mjomba." Kisu kimesimama. "Hakuja mtu. Hakuna aliyejua."