Mafuta ya Kwenda na Kurudi

Kama kuna mtu mjini Machakos anayejua siri za wanaume wenye pikipiki, ni Mbithe wa pampu ya pembeni. Siri zenyewe hakuzitafuta. Zilimjia kwa miaka yote aliyosimama kwenye kile kituo cha mafuta cha njia ya kutokea mjini, amevaa koti la kazi lililochujuka na kitambaa kichwani cha kuzuia vumbi. Mtu wa boda akijaza asubuhi na kurudi jioni tangi likiwa kavu, Mbithe anajua jamaa ametembea. Pikipiki ya boda haina maajabu. Iendeshwe haraka au pole, inakula karibu kilekile, kwa hiyo petroli ikipungua kuna mahali imeenda. Wake za watu wa boda walilijua hilo pia. Walipita pale wakitoka sokoni, wakaweka vikapu chini, wakamsalimia Mbithe kwa adabu nyingi kuliko kawaida, halafu wakauliza kama yule bwana alionekana jana kujaza mara mbili. Mbithe aliwacheka na kuwaambia yeye ni mhudumu, si polisi. Lakini uso wake haukuwahi kujua kuficha kitu, na kuna nyumba zilizotikisika kwa sababu ya uso huo.

Sasa akawa yeye ndiye mwenye kuuliza, na hakuwa na wa kumwuliza.

Mumewe, Ndunda, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja upande wa Kinanie. Alikwenda na kurudi kila siku kwa pikipiki yake kubwa, nyeusi, aliyoinunua kwa bwana mmoja wa Nairobi ambaye aliipanda mara mbili akaiogopa. Ndunda aliipenda ile mashine kuliko mtu mzima anavyostahili kupenda chuma. Siku alipoileta nyumbani alimweka Mbithe kwenye kiti cha nyuma, injini imezimwa, akamhubiria. Alimwambia hii si boda. Ukiibembeleza, tangi moja linakutoa Machakos likufikishe Voi. Ukiifungua, ukaikimbiza, tangi hilohilo linakuacha Kibwezi, nusu ya njia, unatafuta kituo. Mbithe aliitikia kama wake wengi wanavyoitikia habari za injini, akiwaza mboga aliyoiacha jikoni.

Mashine kama hiyo Ndunda hakuwa nayo peke yake. Mdogo wake, Muema, alikuwa na ya kwake, ya zamani zaidi, yenye tangi dogo na kiu kubwa, na Jumapili baada ya misa ndugu hao wawili walikuwa hawashikiki. Kila safari Muema ndiye aliyelazimika kusimama kuongeza mafuta, na kila safari Ndunda alimtania kwamba anatembea na kikombe. Kawaida alimngoja. Jumapili moja wakirudi kutoka Emali, Muema akaingia kituoni, na Ndunda, kwa utani tu, akampungia mkono akapita. Akamwachia mdogo wake kazi ya kumfikia. Muema alijaza harakaharaka akatoka mbio kumfuata kaka yake, na alipofika Kyumbi, kwenye kona ya kuingia Machakos, lori lilikuwa likikata barabara.

Walimzika Mitaboni, shambani kwao. Mama yao, Mbula, mama asiye na maneno mengi, alisubiri mpaka padre alipomaliza, kisha mbele ya watu wote akamwambia mwanawe aliyebaki aiuze ile mashine. Ndunda alipiga magoti, akachota udongo wa kaburi, akamwomba mama amwachie. Aliahidi kwamba tangu siku ile ataiendesha kwa mwendo wa mtu anayekwenda kanisani. Mwishowe mama alisema sawa, kwa sababu hiyo pikipiki ndiyo ingemletea mtoto wake kila Jumamosi.

Na Ndunda alitimiza. Mwaka mzima tangi alilojaziwa na mkewe Jumatatu asubuhi lilimpeleka kazini na kumrudisha mpaka Alhamisi. Ndiyo maana Mbithe alishtuka mambo yalipobadilika. Kwanza lilifika Jumatano. Halafu ikawa Jumanne jioni Ndunda anaingia kituoni ile taa ya mafuta inawaka, na anakaa juu ya kiti kimya, kofia haivui, akingoja kuhudumiwa kama mgeni. Mbithe alimwuliza ameenda wapi. Alijibu kazini. Akamwuliza na baada ya kazi. Akajibu nyumbani, kwani hakumwona nyumbani?

Wavinya wa pampu ya pili, ambaye hajawahi kukosa maoni, alisema hapo hakuna hesabu ngumu. Mafuta ya siku mbili yamepotea, maana yake ni siku mbili za barabara. Toka Kinanie mpaka Syokimau ni karibu, na Syokimau kuna nyumba za kupanga zimejaa wasichana wazuri wanaofanya kazi ofisini. Mbithe alimwambia anyamaze. Lakini usiku hakulala vizuri, na asubuhi alianza kunusa makoti ya mumewe, jambo alilowahi kuapa kwamba hatalifanya. Alikuwa amewaona wanawake wengi wakisimama mbele yake na vikapu vyao. Hakuwa tayari kuwa mmoja wao.

Jumatano ile Ndunda alikuja asubuhi, taa inawaka tayari. Alikuwa ndiyo kwanza amezima injini simu ikalia mfukoni. Pale kituoni simu haipokelewi karibu na pampu, na mume wa mhudumu hana ruhusa zaidi ya wengine. Akamtupia Mbithe funguo, maana kifuniko cha tangi kwenye pikipiki kama ile hufunguliwa kwa ufunguo, akaenda kusimama kule kwenye mashine ya kujaza upepo, mgongo ameugeuza.

Mbithe aliutazama ule mgongo. Kisha badala ya kufungua tangi aliuchomeka ufunguo mahali pa kuwashia na kuuzungusha kidogo, kioo kikawaka. Alijua pale kuna hesabu ya kilomita za safari. Ndunda huirudisha kwenye sifuri kila tangi likijazwa, na mara ya mwisho alijaza Jumatatu. Hapo ndipo palipoandikwa Syokimau, au popote pale.

Hapakuwa na Syokimau. Namba ilikuwa ya Kinanie kwenda na kurudi, mara mbili, basi. Hakukuwa na hata nafasi ya kupita dukani. Mumewe alikuwa amemwambia ukweli, na Mbithe alijisikia mwepesi, akaona aibu kwa ajili ya yale makoti, akataka kucheka. Alikuwa tayari ameunyanyua mdomo wa pampu alipokumbuka ile hotuba ya Voi na Kibwezi.

Barabara haikuongezeka hata kidogo, ilhali petroli ilikwisha. Hakuenda mbali. Alikuwa anakwenda mbio, na si kidogo. Alikuwa anaifungua asubuhi na jioni, anapita Kyumbi kila siku kwa mwendo uleule uliomuua ndugu yake.

Hapo Mbithe aliona afadhali ingekuwa mwanamke. Mwanamke ana mlango, unaweza kwenda kuugonga. Wazee wa kanisa wanaweza kuitwa, mtu akalia, akaomba msamaha. Yeye angemwendea nani? Aliurudisha mdomo wa pampu mahali pake.

Ndunda alirudi akiuliza kama tayari. Mbithe alimwuliza nani alikuwa kwa simu.

“Ni mwaitu, mama,” Ndunda alisema. “Siku hizi kila asubuhi anapiga aulize kama nimefika.”

“Na unamwambia nini?”

“Namwambia niko pole.”

Mbithe alimwonyesha kile kioo kilichokuwa bado kinawaka, kisha akamwonyesha taa ya mafuta. Hakuhitaji kueleza. Ndunda alivua kofia kwa mara ya kwanza tangu aingie, na Mbithe akaona jinsi alivyokonda. Nyumbani kwa taa ya jikoni hakuwa ameona.

“Baba Nduku, uliahidi mbele ya kaburi.”

“Nikienda pole namsikia,” Ndunda alisema. Alizungumza chini, kwa sababu Wavinya alikuwa ameacha kupangusa kioo cha gari la mtu ili asikie. “Ile injini yake, nyuma yangu, kama anakuja kunifikia. Nikiangalia kioo cha pembeni hakuna mtu. Sasa nikiifungua, upepo unapiga kelele, simsikii tena. Mwaka mzima nimevumilia, Mama Nduku. Nimechoka kumsikia.”

Mbithe alimhurumia, na papo hapo alikuwa na hasira ya kutosha kumtupia ile kofia barabarani. Alifanya kitu kimoja alichojua kufanya. Alifungua tangi, akapima, akaacha petroli iingie kidogo, akafunga kabla Ndunda hajazoea sauti ya kumiminika kwake.

“Hii ni ya kwenda na kurudi,” alimwambia. “Pamoja na ile iko chini, ukienda pole utafika nyumbani na kidogo kitabaki. Ukiifungua itakuishia njiani. Vituo viko vingi huko, unaweza kuongeza, mimi siwezi kukuzuia. Lakini mimi sijazi tena.”

Ndunda alivaa kofia akaondoka. Alitoka pole, lakini pale mbele ya kituo kila mtu hutoka pole.

Siku hiyo Mbithe aliwahudumia watu bila kuwaona. Gari la dizeli lilipoingia alishika pampu ya petroli, Wavinya akamwahi. Jioni zamu ilipokwisha hakwenda nyumbani. Saa ambayo Ndunda huwa amefika ilipita. Simu yake iliita bila kupokelewa. Watu wa kiwandani wanaokaa mjini walishuka stendi mmoja mmoja, na Mbithe alipomwuliza mmoja wao alisema Ndunda alitoka kabla yao.

Alijaza kidumu kidogo, akajiambia kwamba bila shaka mafuta yamemwishia, hajambo, anasukuma tu. Alilishikilia wazo hilo kwa nguvu. Akapanda boda, akamwambia kijana aelekee Kyumbi, na njia nzima macho yake yalikuwa kwenye upande wa pili wa barabara, akitafuta kitu ambacho hakutaka kukiona.

Walimkuta kabla ya kona. Alikuwa akija kwa mwendo wa ajabu, pembeni kabisa, taa za tahadhari zinawakawaka, na nyuma yake lori la mchanga lilikuwa likimpigia honi. Boda iliyobeba magunia ya makaa ilimpita, mwenyewe akageuka kumcheka. Mashine ile kubwa ilikuwa inatembea kama punda mgonjwa. Mbithe alishuka kabla boda haijasimama vizuri, karibu aanguke.

Ndunda alisimama, akazima injini. Mbithe hakumsalimia. Alichukua funguo, akafungua tangi, akainama, akaitikisa mashine kidogo kama wanavyotikisa za boda. Petroli ilikuwepo. Aliisikia.

“Mbona umechelewa hivi?” aliuliza, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Ndunda alivua kofia. Uso wake ulikuwa umelowa wote, na haikuwa jasho.

“Nilikuwa namngoja Muema,” alisema.

Walikaa kwenye ukingo wa barabara mpaka magari yakaanza kuwasha taa. Kijana wa boda, aliyeelewa kwamba hapa hakuna tena abiria, aliomba nauli yake akaenda. Mbithe alipanda kiti cha nyuma, kidumu amekipakata. Alipouliza kama akimimine mle tangini ili wasipate shida, Ndunda alitikisa kichwa akiwa bado ametazama mbele.

“Usijaze,” alisema. “Na kesho asubuhi, hata nikikuomba, usijaze.”