Chuma Kinachonyweshwa Maji

Siku ambayo seremala alimwona shemeji yake kwa mara ya kwanza ni siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe. Alivaa shati la kuazima, akakaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri kuitwa na daktari. Dada mkubwa wa mchumba wake akaingia, akaitikia salamu, akampita, akainama nyuma ya kiti kile na kunusa soketi ya ukutani.

"Baba, hii inaungua," alisema. "Mgeni, hebu sogea."

Mgeni akasogea. Kwa miaka mingi baadaye mazungumzo yao hayakubadilika sana.

Dada huyo alikuwa fundi umeme wa majengo. Mafundi wenzake walimwita Kanuni, mwanzoni kwa kumcheka, halafu kwa mazoea. Hakuwa na mume. Aliwahi kuwa naye, alisema, akamkuta anaunganisha waya kwa selotepu.

Seremala akaoa, akafungua karakana yake pembezoni mwa mji, mahali ambapo nguzo za umeme zilikuwa hazijafika wala hazikuonekana kuwa na haraka. Akanunua jenereta. Kwa kuogopa wezi akaiweka ndani na kuifunga mnyororo kwenye nguzo ya paa. Moshi ulitoka dirishani, ulipopenda. Waya ulipita sakafuni chini ya maranda. Plagi za mashine zilikuwa na meno matatu, soketi aliyoipata ilikuwa na matundu mawili, kwa hiyo jino la tatu alilikata kwa msumeno. Alilikata vizuri, akalipiga na msasa.

Mashine ya kupiga randa ikaanza kuuma. Ukiigusa bodi yake ya chuma, mkono unaruka. Seremala hutibu kila ugonjwa kwa mbao: akatengeneza ubao wa kusimamia, mkewe akaupaka vanishi. Ukisimama juu yake, mashine haiumi. Mteja akiingia aliambiwa kabla ya salamu, "Panda ubaoni." Watu wakazoea. Mkewe, aliyefanya kazi naye bega kwa bega, alitengenezewa ubao wake mwenyewe, wenye maua yaliyochongwa pembeni. Seremala hakuwa mtu wa maneno matamu; ule ubao ndio ulikuwa barua yake ya mapenzi.

Mvua zikaja, paa likavuja. Siku moja mkewe alishuka ubaoni kuchukua gundi, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mashine. Seremala akasikia kishindo. Alipogeuka, mkewe alikuwa ameketi kwenye maranda, macho wazi.

"Nani kanipiga?" akauliza baadaye.

Mkono wake ulikaa na ganzi mpaka kesho yake. Na kesho yake Kanuni akafika.

Alitazama jenereta, akatazama waya uliochubuka ukiwa umelala kwenye maji, akaokota ubao.

"Haya maua ya nini?"

"Ubao wa kusimamia, shemeji. Mashine inauma."

"Inauma."

"Kidogo."

Kanuni akaugeuza ubao, akaupapasa. "Kazi safi. Hizi ni mbao za jeneza, shemeji. Bado kupigilia misumari tu."

Kisha akaifungua plagi ya injini, ile inayotoa cheche, akaifunga kwenye leso na kuitia kwenye pochi. Jenereta ikawa pambo.

"Shemeji, nina milango ya mtu," seremala alisema.

"Na mimi nina mdogo wangu. Mlango ukiharibika unachonga mwingine."

Seremala alikuwa na mpango wa kuongeza unene wa ubao. Akaona si wakati wa kuutaja.

Wakaanza kazi. Jenereta ikatolewa nje, mbali na madirisha, ikajengewa kibanda chenye hewa na sakafu ya zege, mnyororo ukazamishwa humo humo kwenye zege. Nyaya mpya, nene, zikapanda ukutani ndani ya mabomba. Kila mashine ikapata swichi yake ya usalama, na juu yake kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja. Kanuni alifuata kanuni zote, hata zile ambazo seremala alidhani ni za majumba ya watu wakubwa. Zile plagi zilizokatwa alimpangia mezani.

"Jino la tatu lilikukosea nini?"

"Halikuwa na tundu, shemeji."

"Nalo ndilo lenye njia ya ardhini. Umeme ukipotea, upite huko, usipite kwa mke wako."

Ikabaki kupigilia ardhini fimbo ndefu ya chuma iliyopakwa shaba. Ardhi ilikuwa mwamba mtupu. Fimbo ya kwanza ikapinda, na nyundo ikavunjika mpini, jambo lililompa seremala kazi anayoiweza. Mwishowe udongo laini ukapatikana nyuma ya bafu, maji yanakomwagika. Kanuni akapima kwa mita yake.

"Sasa panafaa. Kiangazi patakauka, na udongo mkavu haupitishi umeme. Utakinywesha maji."

"Chuma?"

"Chuma."

Ndipo akaitoa plagi kwenye leso.

Kiangazi kilipofika, seremala akawa anabeba ndoo kila asubuhi. Jirani alimchungulia juu ya ua.

"Fundi, kimeota jani?"

"Bado," seremala akajibu.

Siku moja mkewe, pekupeku na mikono imelowa, aliigusa ile mashine. Ikasikika *ta!* na karakana nzima ikanyamaza.

"Mume wangu, mambo yenu na dada! Imezimika tena."

Seremala akafungua mashine. Panya alikuwa ametafuna waya, shaba ikawa imelalia bodi. Akaketi kwenye ule ubao wa maua, ambao siku hizo ulikuwa benchi.

"Umekaa nini? Milango haijipaki vanishi."

"Nakuja," alisema. Akapitia kwanza nyuma ya bafu na ndoo ya pili.

Alitaka kumshukuru shemeji yake, akampelekea kigoda. Kanuni akakigeuza, akakipapasa.

"Miguu mitatu," alisema. "Umejifunza."

Miaka ikapita, Kanuni akaugua ugonjwa usiorudi nyuma. Seremala alikwenda hospitali, akakaa ukingoni mwa kiti, safari hii shati likiwa lake. Alikuwa amejiandaa njia nzima kusema neno moja, kwamba kama si yeye angekuwa mjane. Alifungua kinywa. Nje jua lilikuwa kali, na majani ya uani yalikuwa yamekauka. Kanuni akatazama dirishani, kisha akamtazama yeye.

"Kiangazi chote hiki, shemeji, na wewe umekaa hapa? Nenda kakinyweshe kile chuma."