Suti Moja, Vipande Kumi

“Barua imesema hisa zigawanywe! Wewe ni nani uzikalie?” shemeji alifoka, akaipigia ile karatasi kidole mpaka ikatoboka.

“Mimi ni mke wa aliyeziacha,” Mama Pindo akamjibu. “Na usinitobolee barua. Imeletwa kwangu.”

“Imeletwa kwako kwa sababu ya kaka yangu.”

“Basi akifufuka, mdai yeye.”

Mama mkwe, aliyekalia kigoda karibu na pasi ya mkaa, aliguna. Mwanawe alikuwa amemleta awe shahidi, na tangu afike hajashuhudia kitu ila makelele.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, meza moja ya kukatia, na vipande vya uzi vilivyojaa sakafuni hata paka akipita anatoka amevaa sweta. Jina hilo alipewa kwa mapindo yake yasiyofumuka. Inasemekana mteja wake mmoja alinaswa suruali nyuma ya lori, likamburuta mitaa mitatu. Alifika bila viatu, bila kofia, bila jino la mbele, lakini pindo la suruali lilikuwa vile vile, limetulia kama limetoka kupigwa pasi.

Marehemu mumewe alibeba mifuko kwenye kiwanda cha saruji miaka ishirini na miwili. Saruji yenyewe ilikuwa kali: nzi akitua anabaki hapo hapo, anageuka pambo. Mzee alivuta vumbi hilo mpaka majirani wakasema kifua kile ukikigonga kinalia kama ukuta. Siku ya kustaafu, kiwanda kilimpa mkono, saa ya ukutani, na hisa themanini. Saa ilikufa kabla yake. Hisa zilibaki, na gawio lake la kila mwaka ndilo lililolipa kodi ya chumba hiki chenye cherehani. Bila gawio hilo, Mama Pindo angeshonea barabarani.

Ndipo wiki tatu nyuma ikaja barua ya kiwanda: “Kila hisa moja itagawanywa kuwa hisa kumi.” Basi. Hakuna salamu wala maelezo. Na neno kugawanywa unalijua. Mali ya marehemu ikitajwa kugawanywa, hata ndugu aliyepotea huota miguu akarudi nyumbani.

Shemeji hakuwa amepotea mbali. Watu walimwita Bwana Asilimia, maana hata ukimuuliza hali alikujibu kwa mafungu ya mia. Kaka yake alipougua, alikuja kumtazama mara moja, akasimama mlangoni na kitambaa puani kama mtu aliyefika jaa la taka. Lakini alipopata habari za barua, alikuja siku tatu mfululizo, na ya tatu, yaani leo, alikuja na karatasi ya kusainiwa, akaiweka mezani.

“Sikiliza, shemeji yangu, usinifanye mimi mwizi,” alisema sasa, sauti ameilainisha. “Kaka aliacha hisa ngapi?”

“Themanini.”

“Themanini zako, sizigusi hata moja! Kuna hizi mpya, mia saba na ishirini, zimekuja bure. Hizo ni za ukoo. Mimi nitazitunza. Wewe unabaki na zile zile alizokuachia mumeo, asilimia mia moja. Mama, hapo kuna dhuluma?”

Mama mkwe alitikisa kichwa. Kwa kusikia tu, hapakuwa na dhuluma. Hata Mama Pindo, siku ya kwanza, hesabu hiyo ilimwingia. Themanini si ni themanini? Kidogo akubali. Kilichomzuia ni redio ya jirani, iliyotangaza kwamba hisa ya kiwanda, iliyokuwa elfu ishirini, sasa ni elfu mbili. Akajifunga kanga, akaenda kwa miguu mpaka ofisi za kiwanda, akasimama mbele ya karani wa hisa akiwa amelowa jasho.

“Hakuna aliyekuibia, mama,” karani alimwambia. “Hisa moja ilikuwa imepanda bei mno. Mlinzi, mwalimu, muuza mchicha, wote walikuwa hawaiwezi. Wakubwa wakaikata mara kumi ili wanunuzi wawe wengi, na wewe ukitaka kuuza chache upate mteja upesi. Lakini kiwanda ni kile kile, na fungu lako ni lile lile. Ulikuwa na themanini za elfu ishirini, sasa unazo mia nane za elfu mbili.”

“Na gawio?”

“La kila hisa moja limepungua mara kumi. Ukijumlisha mia nane, unapata lile lile la zamani.”

“Kwa hiyo nikibaki na themanini…”

“Umebaki na fungu moja katika kumi, mama.”

Watu waliokuwa kwenye foleni wanasema Mama Pindo alipaza sauti hata vioo vikatikisika. “Kumbe ni jora! Mmelifungua jora mnaliuza kwa mita! Sasa mlishindwa nini kuandika hivyo? Mume wangu amewapa mapafu, nyinyi mnamlipa mjane wake mafumbo?” Karani aliinamisha macho. Halafu akamnong’oneza neno moja zaidi.

Neno hilo alikuwa amelibana shavuni hadi leo, kama fundi anavyobana pini mdomoni.

Mezani palikuwa na kitambaa cha suti ya shemeji mwenyewe, cha kijivu, alichonunuliwa na mkewe kwa ajili ya harusi. Mama Pindo alikuwa amekikunja mara mbili na kukichora chaki jana yake. Shemeji alipoendelea kuhubiri ukoo na asilimia, yeye aliinua mkasi. Krachu. Krachu. Mwenye kuhubiri haoni. Mama mkwe aliona, akasogeza kigoda.

“Shemeji,” Mama Pindo akamkatiza, “ulinipa vitambaa vingapi?”

“Kimoja. Hayo yanahusu nini?”

“Hebu hesabu.”

Bwana Asilimia alitazama. Macho yakamtoka kama vifungo vilivyoshikwa na uzi mmoja. “Kumi! Suti yangu umeifanya nini?”

“Nimeigawanya. Ulileta kimoja, chukua chako kimoja.” Akamtupia mkono wa koti begani. “Hivi tisa vimekuja bure, vimezaliwa mezani kwangu. Nitavitunza mimi.”

“Niende harusini na mkono mmoja?”

“Nenda tu,” alisema mama mkwe. “Hiyo ni asilimia kumi ya suti.”

“Mama! Nilikuwa sijui kwamba…”

“Ulijua!” Mama Pindo aligonga meza, pini zikaruka. “Karani ameniambia! Kabla yangu alikwenda bwana mmoja mwenye shati la mistari kama hilo lako, akauliza swali hili hili, akaelezwa polepole mpaka akaelewa. Akashukuru kwa asilimia mia mbili! Ulielewa kabla yangu, ndiyo maana ukakimbia na kalamu. Ungenijia na njaa ningekupa. Umenijia na hesabu, uninyang’anye chumba huku nakwambia ahsante!”

Mama mkwe alinyanyuka kwenye kigoda, taratibu, kiungo kwa kiungo. “Mwanangu,” alisema, “umeniweka kitako hapa asubuhi yote niwe shahidi wa wizi wako?”

Shemeji alirudi nyuma hatua moja, mkono wa koti ukining’inia begani. “Mama, yule karani hakunielewa, mimi nilikuwa nataka tu…”

“Hodi humu!” Mlango ulikuwa wazi, mke wa shemeji alikwishaingia, mfuko wa vifungo vipya mkononi. “Fundi, nimekuletea vifungo vya ile suti. He! Baba watoto? Si uliniambia uko kazini? Na mkono huo begani?” Akaisogelea meza, akaokota karatasi iliyofunikwa nusu na vipande vya kijivu. “Na hii yenye jina lako, mia saba na ishirini, ni ya nini?”