Shikamoo Tatu kwa Mzee Ndahani

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nimechoka kuambiwa nilipigwa na jua. Sikupigwa na jua. Ninayokueleza yalinitokea mimi, saa saba mchana kweupe, kwenye nyumba ya wageni kule Mtera, miaka ile mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa na watu wakipunguzwa kazi.

Nilikuwa mfanya usafi. Baraza letu lilikuwa la mbao, limetokeza juu ya bwawa, na aliyelitunza tangu lijengwe ni Mzee Ndahani, Mgogo wa upande wa Mpwapwa, mtu wa ovaroli ya buluu na spoku ya baiskeli aliyoichonga ncha. Kwa spoku hiyo alichokoa uchafu katikati ya ubao na ubao, kila asubuhi, kwa magoti. "Mwanangu, mbao zinapumulia hapa," aliniambia. "Ukiziba, zinaoza."

Akaja meneja mpya. Akasema visigino vya viatu vya wageni vinanasa kwenye zile nafasi, zizibwe. Mzee akakataa. Basi meneja akanipa mimi kopo la puti, nami nikaziba, nikapaka na rangi ya mafuta juu yake. Mvua zilipokwisha, ukungu mweusi ulikuwa umetambaa baraza zima na mbao zimeanza kulegea. Meneja akaandika karatasi kwamba Mzee Ndahani ni mlevi, ameozesha mali ya kampuni. Akataka shahidi. Usinionee huruma: niliisoma yote, nikaielewa, nikatia sahihi. Niliogopa kupunguzwa. Mzee aliondoka bila kuniangalia, na haikupita miezi miwili tukasikia amezikwa kwao.

Sasa sikiliza. Kiangazi kimeshika, upepo mkavu mpaka midomo inapasuka. Wageni wanakuja kutoka maofisini Dodoma. Meneja akaniambia, "Dada, nikikuta doa hata moja, na wewe unaondoka." Nilisugua kwa sabuni ya unga, nikasugua kwa dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nikasugua kwa stilwaya mpaka vidole vikachubuka. Doa likitoka hapa, nikigeuka limerudi, bichi, linanata. Ukungu wa wapi huo, Mtera, jua la saa saba? Nililia kwa hasira.

Ndipo nikasikia kwaru, kwaru, kwaru. Mwisho wa baraza kuna mzee wa ovaroli ya buluu, amepiga magoti, amenipa mgongo, anachokoa puti yangu. Mdomo ukatangulia akili: "Shikamoo, mzee." Kimya. Nikarudia. Kimya. Ya tatu ikanikwama kooni, maana hapo ndipo nilipokumbuka kwamba huyu mtu amezikwa.

Unajua mzee wa huku kutoitikia shikamoo maana yake nini? Hata kama umemkosea, ataitikia kwanza, ndipo akuseme. Asipoitikia, basi kwake wewe si mtu.

Akageuka. Sura ni ile ile, si ya kutisha, imekasirika tu. Akaninyooshea ile spoku, akaielekeza kwenye mkono wangu wa kulia. Nikautazama. Kwenye vidole, pale panaposhika kalamu, pameota ukungu mweusi. Nilipoinua macho hayupo, ila vipande vya puti vimetapakaa juu ya mbao.

Honi ikalia nje. Meneja akapanda barazani na wageni watatu, akaona uchafu, akaanza kufoka. Nami nikafoka kumshinda. "Mzee Ndahani hakuozesha kitu! Wewe uliamuru, mimi nikaziba, na ile karatasi niliyotia sahihi ni uongo mtupu!" Kisha nikageukia mwisho wa baraza, pasipo na mtu, nikaimalizia ile ya tatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mama mmoja kati ya wale wageni akauliza, "Nani huyo ameitikia?" Meneja alikuwa ameshika nguzo, jasho linamtoka. Haya, niambie jua lilitupiga wote watano.

Nilifukuzwa saa hiyo hiyo, na hasira ninayo mpaka leo, kwa meneja na kwangu mwenyewe. Baraza waliling'oa wakamwaga zege. Mimi nilipanda basi mpaka Mpwapwa, nikawaeleza watoto wa mzee kwa mdomo wangu. Walinisikiliza mpaka mwisho, hawakunikaribisha hata maji, na ni haki yao.

Vidole vilisafika, isipokuwa hapa kando ya ukucha. Ona. Mvua zikianza panakuwa pabichi, nasugua, hapatoki. Kwa hiyo siku utakapoletewa karatasi ya kumsema mwenzio, ukaambiwa ni sahihi tu, haina neno, kumbuka mkono utakaoshika kalamu ndio huo huo utakaolia ugali jioni.