Mpunga Mfupi Uliokwama Madale

Mie mtu wa nyumbani. Hata nikitoka Kipawa kwenda sokoni tu, naaga kama naenda Hija. Lakini shangazi yangu wa Madale, Bi Mwajuma, alituma ujumbe: wiki mbili tangu apande ile mbegu ya mpunga mfupi niliyomsifia, bondeni hakujaota kitu. Mbegu yake ya kienyeji ameshaila. "Usipoota, mwaka mzima nakula kwako." Kesho yake nikavaa viatu.

Saa tatu, Mikocheni. Nilipitia kwa Bwana Komba, jirani yetu wa zamani, mpima mbegu. Nilimpa punje nilizoziloweka tangu jana, za mbegu ile na za kienyeji nilizonunua sokoni. Akazipasua kwa wembe, akanipa lenzi.

"Tazama pembeni, chini. Hicho ndicho kiini, mmea wenyewe ukiwa mchanga. Vinalingana?"

"Cha mpunga mfupi ni kifupi."

"Basi. Urithi wa ufupi haukungoja shamba. Kwa mbegu hii umeanza kiini kikiumbwa ndani ya punje, na chipukizi lake halifiki mbali. Shangazi yako kafukia kina gani?"

"Sijui. Sijawahi kulima."

"Umesifia tu."

"Nimesifia tu."

Akacheka, akachukua kofia tukaondoka wote.

Saa sita, Madale. Shikamoo yangu ilipata marahaba kavu. Bwana Komba alimwomba shangazi aonyeshe alivyopanda. Akazamisha kidole cha shahada mpaka pingili ya pili, kama mama yake alivyomfundisha kwa mpunga mrefu. Na shangazi ana vidole vya mtu wa kuchuma nazi bila kuukwea mnazi.

Bwana Komba akafukua taratibu. Chipukizi lilikuwepo, jeupe, limejikunja, halijafika juu.

"Mzima huyu, mama. Umemzika tu."

Shangazi akashusha pumzi ya wiki mbili. Kisha akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, safari isiyomchukua muda. "Kumbe kafanana na wewe. Haya Saidi, piga magoti. Wewe ardhi iko karibu."

Tukakwangua udongo juu ya kila shimo mpaka alasiri.

Jioni nilirudi Kipawa na matope kwenye kucha, nikalala kama gogo. Siku ya nne ukaja ujumbe: bonde limeota, na mgeni wa chakula haji.

Tangu siku hiyo, kabla sijamsifia mtu mbegu, namwomba kwanza anionyeshe kidole.